Naunga Mkono Aliyetangulia

Wambui, umeniomba niandike "nusu ukurasa tu, Madam, kitu ya kuchangamsha watu" kuhusu miaka yangu kazini, muweke kwenye tovuti. Nusu ukurasa! Nimezeeka kwenye ile meza, wewe unanipa nusu ukurasa na kikatuni cha manjano kinachocheka mwisho wa ujumbe. Haya, nitaandika. Itakuwa ndefu na haitamchangamsha mtu. Mambo ya vyeo na mishahara sitayagusa, hayo yako kwenye faili na hata huko hayasomeki vizuri. Nitawaandikia nyinyi mliobaki mambo ambayo yalinikasirisha, kwa sababu ndiyo ninayoyakumbuka.

Nilizaliwa kwenye nyumba za reli hapa Nakuru. Baba alikuwa fundi wa mabehewa aliyekuja kutoka mkoa wa Magharibi na sanduku moja la bati. Nasema hivyo ujue kwamba nilipoingia kituo chetu cha habari za wakulima sikujua kiazi kinaota juu ya ardhi au chini. Niliajiriwa kupiga taipu. Tulikuwa na jarida la kurasa nne kila mwezi, na lilichapwa kwa stensil, ile karatasi ya nta. Ukikosea herufi moja unapaka dawa nyekundu kwa brashi ndogo, unapuliza, unangoja ikauke, unapiga tena. Siku ya kwanza niliharibu stensil tatu na nikaenda kulia chooni. Nilipotoka, mtu mrefu mwenye koti la kijani alikuwa amesimama mbele ya taipureta yangu, anasoma nilichoandika.

Huyo alikuwa Rotich, afisa wa kilimo aliyeandika karibu jarida lote. Hata wakati huo, nywele zikiwa bado nyeusi, watu walimwita Mzee.

"Wewe msichana, umeandika hapa majani ya waru, hivi viazi, yanapata madoa chini. Chini wapi?"

"Sijui, Mzee. Nimeandika vile nimepewa."

"Kesho vaa viatu vya matope. Tunaenda Bahati."

Tukaenda huko Bahati, nje ya mji, na akanifanya nigeuze majani kwenye mashamba ya watu mpaka kucha zikawa za kijani. Alikuwa na sheria moja: usiandike habari za jani ambalo hujaligeuza. Na alikuwa na kalamu nyekundu. Loo, kalamu ile! Alikuwa anakata sentensi zangu mbele ya watu, mbele ya dereva, mbele ya mama wa chai, anapiga mstari mrefu halafu anasema, "Hii ni kelele. Toa." Nilimchukia karibu mwaka mzima. Baadaye nikagundua kwamba kila nilichokijua kuhusu kazi hii kilikuwa kimepita chini ya kalamu hiyo. Alistaafu akaenda kwenye shamba lake nje kidogo ya Njoro, na nikakaa wiki mbili sijui nani wa kumwonyesha kazi yangu.

Kompyuta zilipokuja, stensil zikatupwa, na tukaambiwa tufungue blogu. Mkubwa wetu alisema wakulima wataandika maoni yao chini ya makala na sisi tutajifunza kutoka kwao. Maoni ya kwanza kabisa yalikuwa ya mtu aliyeuliza kama tunauza vifaranga. Ya pili yalikuwa ya mtu anayemjibu kwamba yeye anavyo. Wakakubaliana hapohapo bei na mahali pa kukutana, chini ya makala yangu ya kuoza kwa mahindi, na hakuna hata mmoja aliyesoma kuhusu mahindi. Wengine walituma salamu kwa shangazi zao. Mmoja aliandika "Amina" chini ya kila kitu, hata chini ya tangazo kwamba ofisi itafungwa.

Hayo yote niliyavumilia. Iliyonishinda ni wiki.

Kwa wale walioajiriwa juzi: kabla ya haya makundi ya simu mnayoyaona, tuliletewa tovuti ya aina inayoitwa wiki, ambayo kila mkulima aliyejiandikisha angeweza kuandika na kurekebisha ukurasa wowote. Ukurasa wa kabichi ni mmoja, wa wote. Ukiona kosa, unafuta, unaandika lililo sawa. Wazo zuri sana, ukilisikia ukiwa umeketi Nairobi. Mtaalamu aliyekuja kulifundisha alikuwa na viatu vyeupe, tukamkusanyia wakulima kwenye ukumbi wa kanisa huko Molo. Tuliomba, tukajitambulisha mmoja mmoja, na saa nzima ikaisha. Ndipo akasimama akasema kila mtu ni mhariri.

Baba mmoja akainua mkono. "Sasa nikifuta ya mwenzangu, yeye atajua?"

"Ndiyo, mzee. Kuna historia ya ukurasa. Inaonyesha nani alifuta nini na saa ngapi."

"Ataona ni mimi?"

"Jina lako kabisa! Ndio uzuri wake!"

Ukumbi ulinyamaza. Mtaalamu alidhani wamevutiwa. Mimi nilizitazama nyuso zao nikajua wiki imekufa, na chai ya saa nne ilikuwa bado haijaletwa.

Kwa sababu watu wetu wana namna yao ya kukutana, na hakuna tovuti itakayowafundisha nyingine. Juma hilohilo walichagua viongozi. Ukurasa wa kabichi ulipata mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Nilipiga simu kuuliza mweka hazina wa ukurasa anaweka hazina gani, nikajibiwa kwamba hawezi kukosekana. Mwenyekiti aliandika kwanza, juu kabisa. Waliofuata waliandika chini yake, kila mmoja akianza na "Kwa heshima zote, naunga mkono aliyetangulia," halafu anasema jambo lililo kinyume kabisa. Ukurasa wa kabichi ulikuwa na nafasi nne tofauti kati ya mche na mche, na wote wanaungana mkono! Nikiwauliza kwa nini hawafuti, wananitazama kama nimewaambia wakapige mtu kofi kanisani. "Madam, nitafutaje maneno ya mtu mzima? Kwani amekufa?"

Niliwacheka, nikaandika ripoti ndefu kuwahusu, na nikatumia neno "ukomavu" mara nyingi. Someni ripoti hiyo kama bado ipo. Halafu someni yanayofuata, mjue aliyeiandika ni mtu wa namna gani.

Mzee Rotich alijiunga na wiki akiwa Njoro. Mtoto wake alimnunulia simu nzuri, na yeye akaanza kuandika kwa kidole kimoja, kurasa kwa kurasa. Nilifurahi sana. Maandishi yake yalikuwa yaleyale, mafupi, hayana kelele. Watu walimheshimu mpaka ukurasa wowote aliougusa ukawa hauguswi tena. Siku moja akaandika ukurasa wa mnyauko.

Mnyauko wa viazi ni ugonjwa mbaya, hasa sehemu kama Kuresoi ambako viazi ndiyo maisha. Mmea unalala mchana ukiwa bado kijani, kama una kiu, na ukimwagilia hauamki. Hauna dawa. Unaishi ndani ya mbegu na ndani ya udongo, na shamba likishaupata hupandi kiazi hapo kwa miaka, wala nyanya, wala hata managu, ile mboga ya mnavu, ya kula jioni. Kinga ni moja tu: usichukue mbegu kwenye shamba lililougua, hata kama kiazi chenyewe kinaonekana kizuri.

Mzee aliandika kwamba ukiona mnyauko kwenye kona ya shamba, chagua viazi vizuri kutoka sehemu nyingine ya shamba hilohilo, vikate, vipake jivu, vikauke siku mbili, upande mahali pengine.

Nilisoma mara tatu. Jivu linasaidia kiazi kilichokatwa kisioze, hilo ni kweli, na wakati wa ujana wake ndivyo maofisa wote walivyofundisha. Lakini mnyauko haujali jivu. Nilijua hivyo. Nilikuwa nimehudhuria mafunzo, nilikuwa nimeona kwa macho yangu. Na kitufe cha kuhariri kilikuwa pale, upande wa juu, kikubwa.

Sikukibonyeza. Nilienda kutafuta chai, nikarudi, nikakitazama tena. Niliwaza atakavyofungua ukurasa wake akute maneno yake hayapo, na jina langu ndani ya historia. Yule aliyenifundisha kugeuza jani! Mwisho nikateremka chini kabisa ya ukurasa, chini ya watu saba waliokuwa wamemuunga mkono, nikaandika hivi: "Tukimshukuru mzee wetu kwa mchango wake mzuri, ningependa kuongeza tu kwamba wapo wataalamu wanaoona kwamba huenda jivu pekee lisitoshe katika hali fulani."

Wambui, wewe ulikuwa na wiki tatu kazini. Ulisoma juu ya bega langu, ukaniuliza, "Madam, sasa hiyo ni ndiyo ama ni hapana?"

Nikakwambia ukae ujifunze adabu ya ofisi. Sijawahi kukuomba msamaha kwa hilo. Nakuomba sasa.

Msimu ukapita. Kisha asubuhi moja simu ya ofisi ikalia, na mama mmoja akasema, "Ni nyinyi wa ile tovuti ya waru? Mimi ni Mama Chela, niko Kuresoi. Nilifanya vile mliandika. Mbona zinalala?"

Nikamuuliza zinalala vipi. Akasema mchana, zikiwa kijani. Nikamuuliza kona gani. Akasema kila mahali.

Nilienda siku hiyohiyo. Mama Chela alikuwa na mashamba mawili, moja chini karibu na nyumba, na lingine juu, ambalo mama mkwe wake alimwachia. La chini ndilo lililokuwa na kona iliyougua. La juu halikuwa limepata ugonjwa tangu watu wa boma hilo walijue. Alikuwa amechagua viazi vizuri kutoka la chini, akavikata, akavipaka jivu vizuri sana, akapanda la juu lote.

Tulikwea hadi la juu na bado nilikuwa naomba Mungu iwe ni kitu kingine. Nilikata shina karibu na udongo, tukarudi nalo jikoni, nikamwomba glasi. Akatoa ile ya wageni, akaifuta na leso, akajaza maji safi. Nikalishika lile shina likining'inia ndani ya maji bila kulitikisa. Haikuchukua muda. Uzi mweupe ukaanza kushuka kutoka kwenye shina, mwembamba, halafu mwingine.

"Hiyo ni maziwa?" akauliza.

"Hapana, mama. Huo ndio ugonjwa wenyewe."

Akaisogeza glasi kwenye mwanga. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. "Kwa hiyo ni zote mbili. Ya chini na ya juu."

"Ni zote mbili."

"Miaka ngapi?"

Nikamwambia. Akavuta kiti akaketi. Na mimi, badala ya kunyamaza, nikafungua mdomo wangu nikasema kwamba hata hivyo kwenye ukurasa kulikuwa na onyo, chini kidogo, pengine hakulifikia. Haki ya Mungu, nilisema hivyo, jikoni kwake.

"Niliifikia," akasema Mama Chela. "Nilisoma mpaka mwisho, nikasoma tena. Yule mzee ameandika kama mtu anajua. Huyu mwingine anashukuru, anasema huenda, anasema wako watu fulani. Nikasema huyu hana uhakika, anaogopa tu. Nikafuata ya mzee." Akaniangalia. "Ni wewe uliandika ya mwisho?"

"Ni mimi."

"Na ulikuwa unajua?"

Nikasema nilikuwa najua.

"Sasa si ungesema?" Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayeuliza njia. Nimekaripiwa na wakubwa wengi, wengine wakipiga meza, na hakuna aliyenifikisha pale.

Nilitoka kwake nikaenda moja kwa moja Njoro. Mzee Rotich alikuwa anafunga ua wa kuku, akafurahi kuniona, akaita chai. Nikamwambia chai ingoje. Nikamsimulia yote nikiwa nimesimama, mashamba mawili, glasi, na yule mama kuketi.

Akauliza, "Wewe ulijua ni makosa lini?"

"Siku uliyoandika, Mzee."

"Siku hiyohiyo."

"Ilikuwa heshima tu, Mzee. Sikutaka..."

"Heshima!" Alitupa koleo chini, kuku wakatawanyika. "Ayuma, umeniacha nikitembea sokoni suruali imepasuka nyuma, na wewe uko nyuma yangu, unaona, unaniimbia sifa! Msimu mzima! Mimi nilikukata mara ngapi? Mbele ya dereva nilikukata! Ulifikiri nilikuwa nakudharau?"

Nilikuwa mtu mzima mwenye wajukuu, na nililia pale kwenye ua wa kuku. Hakunibembeleza. Alisema, "Leta hiyo kompyuta yako."

Tuliketi kwenye benchi. Nilidhani atafuta mwenyewe. Akakataa. Akasema nifute mimi, kwa jina langu, ionekane. Kwa hiyo nilifuta maneno ya Mzee Rotich mbele ya Mzee Rotich, na yale ya watu saba waliomuunga mkono, na yangu ya upuuzi. Nikaandika juu: "Mnyauko hauna dawa. Usichukue mbegu kwenye shamba lililougua, hata kama kiazi ni kizuri." Alisoma polepole. Akaniambia nitoe maneno "hata kama kiazi ni kizuri." Nikamwambia hapana, Mzee, hapo ndipo yule mama alipokosea, yanabaki. Akaniangalia. Akasema yabaki.

Kisha akaomba namba ya Mama Chela. Walizungumza kwa lugha yao, na mimi Mluhya wa nyumba za reli nilishika neno moja moja, lakini nilimwona amevua kofia, na mtu upande wa pili hamwoni. Baada ya hapo alimtumia magunia mawili ya mbegu safi, naye Mama Chela akaazima kwa jirani nusu ekari isiyokuwa na ugonjwa, akapanda huko kidogo. Shamba la mama mkwe likawekwa kabichi na mahindi. Sitawaambia kwamba mambo yaliisha vizuri. Anakula managu ya kununua, huko Kuresoi.

Niliporudi ofisini niliondoa wenyeviti wote wa kurasa. Ala! Nilipata barua za kujiuzulu kutoka kwa watu ambao hawakuwahi kuajiriwa. Mweka hazina wa kabichi aliniandikia kwamba nimeharibu umoja wa wakulima. Nikaweka sharti kwamba mtu akiandika "naunga mkono aliyetangulia" mashine ikatae. Wakaanza kuandika "nakubaliana na mwenzangu." Baadaye tovuti ikahamia kwenye makundi ya simu, ambako hakuna kinachofutwa na hakuna kinachopatikana. Nyinyi mkairudisha wiki, mkasema kizazi chenu ni tofauti, nyinyi hamna haya hizo za wazee. Nikasema asante Mungu, nikastaafu.

Sasa, Wambui, tufike kwa simu yako ya Jumanne, maana usifikiri nimesahau. Ulinipigia kunisalimia. Ukauliza magoti, ukauliza wajukuu, ukauliza mvua. Ulipofika kwenye mvua nikajua kuna kitu.

"Ni hivi tu, Madam. Kuna ule ukurasa wako wa kuhifadhi mbegu. Ule uliandika viazi vya mbegu viwekwe gizani."

"Ndiyo."

"Sasa kuna watu... wengine wanaonelea... pengine mwanga kidogo ungekuwa..."

Nilifikiri. Kiazi cha kula ndicho cha gizani. Cha mbegu kinataka mwanga hafifu, kitoe machipukizi mafupi yenye nguvu. Niliandika harakaharaka mwaka ule wa mwisho, nikachanganya.

"Wambui, nimekosea."

"Ah, hapana Madam, si kukosea..."

"Nimekosea! Umeona lini?"

"Kama miezi miwili."

"Na umefanya nini?"

"Nimeandika hapo chini. Kidogo tu."

Chini! Nilisimama, na magoti yangu unayoyauliza yakalia. Miezi miwili watu wanafunika mbegu kwa magunia kwa sababu ya jina langu, na wewe umeandika chini. Nikakwambia fungua huo ukurasa sasa hivi. Ukasema umefungua. Nikakwambia futa.

"Madam, si ungefuta wewe mwenyewe? Ni yako."

Nikakwambia sikati simu. Nikasikia unapumua, nikasikia mtu anakuuliza kama unaenda kula, ukamwambia angoje. Dakika ikapita. Nilikuwa nakasirika, lakini pia nilikuwa naona aibu, nimesimama peke yangu sebuleni nikingoja nifutwe. Inauma, sikudanganyi. Inauma kidogo tu, halafu inapita.

"Nimefuta," ukasema, kwa sauti ya mtu aliyevunja sahani ya mgeni.

"Umeweka jina lako?"

"Nimeweka."

"Haya. Nilikuachia kurasa mia moja na kitu. Anza na ya kwanza."